Somo la Bugando halijafika mashineni

ELIMU ya namna ubongo wa mtoto unavyojengwa tumboni inafundishwa katika kilima cha Bugando, jijini Mwanza, kwa wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Katoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS). Wengi huidhani ni elimu ya darasani tu. Ukweli ni kwamba hoja yake kuu inagusa unga wa ugali.

Wataalamu wa anatomia wanaeleza kuwa ubongo na uti wa mgongo huanza kama utando mwembamba, ambao hujikunja katika wiki ya tatu na ya nne ya mimba na kuwa mfereji. Mfereji huo hufunga takriban siku ya 28. Usipofunga upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Usipofunga upande wa juu, ubongo haukamiliki na mtoto haishi. Siku hiyo ya 28, wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito, achilia mbali kufika kliniki.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika katika utafiti uliofanyika Hospitali ya Rufaa ya Bugando na kuchapishwa mwaka 2014, ambao miongoni mwa waandishi wake ni mwanaanatomia Mange Manyama. Kati ya watoto wachanga 445 waliolazwa na kuchunguzwa, asilimia 29 walikuwa na kasoro za kimaumbile, na zilizoongoza ni za ubongo na uti wa mgongo. Kutotumia asidi ya foliki wakati wa kutunga mimba kulionekana kuambatana na kasoro hizo.

Kinga yenyewe si ngeni. Jaribio kubwa lililoongozwa kutoka Uingereza, ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 1991, lilionyesha kuwa vitamini hiyo, ikitumiwa kabla ya mimba, hupunguza kwa asilimia 72 hatari ya kasoro hii kujirudia kwa mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo.

Kwa kuwa vidonge vya kliniki huja kwa kuchelewa, njia iliyobaki ni chakula cha kila siku. Mwaka 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi katika unga wa ngano na wa mahindi. Hata hivyo, kanuni hizo zinatekelezeka kwa urahisi katika viwanda vikubwa. Familia nyingi za Kanda ya Ziwa hupeleka mahindi yao katika mashine za mtaani, na nyingine hula ugali wa udaga, yaani muhogo, ambao haumo kabisa katika kanuni hizo.

Wapo watakaosema kuwa mwenye mashine moja hawezi kumudu gharama za virutubishi na kifaa cha kuvipima. Hoja hiyo ni ya haki, lakini haifuti gharama nyingine: upasuaji, safari za hospitali zisizokwisha, na mama anayeacha biashara yake ili amuuguze mwanawe.

Hapana budi, basi, Serikali ibebe sehemu ya gharama za wasagaji wadogo, na wasichana wapewe vidonge kabla ya kufikia umri wa kuzaa. Vinginevyo, maprofesa wataendelea kufundisha siku ya 28, huku akina mama wakiisikia kwa mara ya kwanza wodini.