Begi moja, mkono mmoja huru: Safari ya harusi Matombo wakati wa kipupwe

Julai mwaka jana, mama mmoja wa watoto watatu, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, alikwenda kwao Matombo, mkoani Morogoro, kwenye harusi ya mtoto wa mama yake mdogo. Aliondoka na masanduku mawili, mkoba, begi la mtoto na furushi la zawadi.

Ndani ya masanduku kulikuwa na magauni matatu ya jioni, jozi nne za viatu, suti mbili za mumewe na nguo za watoto za kubadilisha asubuhi na jioni kwa siku nne. Sweta hazikuwamo. Mumewe alipouliza, alijibiwa, "Tunakwenda Morogoro baba, siyo Makete."

Gari liliwashusha barabarani jua likizama, huku mvua ya rasharasha ikinyesha. Kutoka hapo hadi kwa mjomba ni kushuka na kupanda kwa nusu saa. Pikipiki mbili zilizokuwapo zilichukua masanduku. Familia ikatembea. Mtoto mdogo wa miaka miwili alilia njia nzima akitaka kubebwa, lakini mama alikuwa na mkoba huku na furushi huku, na baba alikuwa na begi na tochi.

Usiku wa manane mtoto wa pili, mwenye umri wa miaka saba, aliamka akilia kwa maumivu ya miguu na mgongo. Mtoto huyo ana selimundu. Alikuwa amelowa, amepigwa na baridi na hakunywa maji ya kutosha tangu asubuhi. Kesho yake, wakati ndugu wakicheza muziki chini ya maturubai, mama yake alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali akiwa amejifunga kanga moja. Gauni la rangi ya dhahabu halikutoka kwenye sanduku.

Mwaka huu mjomba alipiga simu tena. Kuna harusi nyingine.

"Mpwa wangu, njoo na watoto. Nataka kuwaona."

"Shikamoo mjomba. Tutakuja."

Hakuwa na jibu jingine. Kwa Waluguru, watoto huhesabiwa katika ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo yao. Kumwambia mjomba kwamba watoto watabaki Dar kwa sababu ya baridi si jambo dogo. Kilichobaki kilikuwa kufungasha upya, tena kwa akili.

Baridi ya Matombo ikoje?

Wazazi wengi wa Dar es Salaam hukosea hapa. Wapo wanaodhani mlimani ni baridi kutwa nzima, wakabeba makoti mazito ambayo hayavaliwi. Wapo wanaodhani Morogoro ni joto tu, wakaenda na fulana.

Matombo iko upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, upande unaopokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ndiyo maana hata miezi ya kipupwe, Juni hadi Agosti, manyunyu na umande si ajabu. Mchana jua likitoka mtu anaweza kukaa na shati jepesi. Jua likizama hali hubadilika haraka.

Kitu kingine ni urefu kutoka usawa wa bahari. Kwa kawaida, kila mtu anapopanda mita 1,000 joto hupungua kwa takribani nyuzi 6. Kilele cha Kimhandu, katika milima hiyo hiyo, kinazidi mita 2,600. Kwa hiyo mwenye ndugu karibu na barabara ya Matombo na mwenye ndugu vijiji vya juu, kama vile Kibungo Juu, hawafungashi sawa. Ni vyema kumpigia simu mwenyeji na kumuuliza swali moja: usiku mnajifunika nini? Akisema shuka, sweta moja inatosha. Akisema blanketi mbili, kila mtoto aongezewe soksi na kofia ya sufi.

Kanuni ya mkono mmoja

Safari hii wazazi hao walikubaliana jambo moja: kila mtu mzima abaki na mkono mmoja usio na kitu, kwa ajili ya mtoto. Mzigo usiotoshea katika kanuni hiyo unabaki nyumbani.

Baba alipewa begi la mgongoni. Mama alipewa begi dogo la mgongoni na ndoo ya lita 10 yenye mfuniko. Mtoto mkubwa wa miaka 11 alibeba mkoba wake wa shule wenye maji, biskuti na sweta za wadogo zake, ili zipatikane bila kufungua begi kubwa njiani.

Ndoo ilizua kicheko, lakini ilikuwa na maana. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na mifuko mbadala mingi hulowa mvua ikinyesha. Ndoo yenye mfuniko haipitishi maji. Nguo za sherehe zilikaa humo zikiwa kavu, na juu yake zikawekwa sukari na sabuni za bibi. Walipoondoka, ndoo ilibaki kwa bibi kama zawadi.

Jumapili moja kabla ya safari walifanya majaribio. Kila mtu alibeba mzigo wake wakatembea hadi kituo cha daladala na kurudi. Waliporudi, jozi mbili za viatu zilitolewa.

Nguo za watoto: vaa nyingi, beba chache

Nguo tatu nyepesi zinazovaliwa moja juu ya nyingine humpa mtoto joto kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa inayobaki kati ya nguo huhifadhi joto la mwili. Mchana zinapunguzwa, usiku zinarudishwa.

Kwa siku nne, kila mtoto alipata fulana tatu, shati moja la mikono mirefu, suruali mbili, sweta moja, soksi jozi tatu, nguo ya kulalia na nguo moja ya harusi. Sweta zote zilitoka mtumbani. Sweta ya sufi ni bora kuliko ya pamba, kwani pamba ikilowa hukaa baridi mwilini na huchelewa kukauka.

Mama alichukua doti mbili za kanga. Hizo zilitumika kujitanda, kumbeba mtoto, kujifuta baada ya kuoga na kujifunika usiku. Taulo tano zilizokwenda mwaka jana zilibaki kabatini.

Nguo ya jioni: moja, sura mbili

Hapa ndipo mabegi ya familia nyingi hujaa. Harusi ina kanisani au msikitini, ina picha, ina sherehe ya usiku, na kila hatua mtu anatamani gauni lake.

Kamati ya harusi ilikuwa imechagua kitenge cha sare. Badala ya kushona gauni fupi la mchana na kununua jingine la usiku, mama huyo alishona gauni moja refu hadi kwenye kifundo cha mguu, lenye mikono mirefu na nafasi ya kuvaa fulana ya joto ndani. Kanisani alijitanda mtandio mweupe na kuvaa hereni ndogo. Jioni mtandio ulikwenda begani, akafunga kilemba cha kitambaa kile kile na kuvaa hereni kubwa na mkufu. Watu wengi walidhani amebadilisha nguo.

Baba alichukua suti moja ya bluu iliyokoza, mashati mawili na tai moja. Koti hakulifungasha, alilivaa safarini. Walipanda treni ya umeme ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kwa kiyoyozi cha ndani ya behewa koti lilifanya kazi mapema. Kutoka mjini Morogoro waliendelea kwa gari kupitia Kiroka na Mkuyuni.

Viatu vya kisigino chembamba havina kazi kwenye uwanja wa nyasi wenye umande, kwani vinazama. Kisigino kipana au kiatu cha chini chenye urembo kinamtosha mama. Raba zivaliwe njiani, na soksi zijazwe ndani ya viatu vya sherehe ili nafasi isipotee.

Kuhusu mikunjo, nguo ya satini au lesi itandazwe juu ya kanga laini, kisha viwili hivyo viviringishwe pamoja. Ikifika itundikwe mara moja. Kama pasi ya mkaa itatumika, iwe ya moto mdogo, ifutwe majivu, na ijaribiwe kwanza kwenye kanga. Satini ikiungua haina dawa.

Vitu visivyopunguzwa

Kufungasha kidogo hakumaanishi kuacha kila kitu. Kadi ya kliniki, kadi ya bima, dawa za kila siku na kipimajoto ni vya kubeba na huwekwa kwenye begi ambalo halitoki mgongoni. Chandarua pia, kwa kuwa mbu hawaendi likizo wakati wa kipupwe.

Kwa mtoto mwenye selimundu, baridi na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa mambo yanayoweza kuamsha maumivu makali. Anywe maji mara kwa mara hata asipohisi kiu, aoge maji ya uvuguvugu, abadilishwe nguo akilowa, na asikose dawa zake. Ni busara kumwona daktari wake kabla ya safari na kujua kituo cha afya kilicho karibu na wanakokwenda. Akipata homa, maumivu ya kifua au kupumua kwa shida, asisubiri asubuhi.

Mtoto mwenye pumu naye asitenganishwe na dawa yake ya kuvuta.

Jiko la mkaa libaki nje

Mwenyeji mwema akiona wageni wanatetemeka, anaweza kuwaletea jiko la mkaa chumbani. Anafanya hivyo kwa upendo, lakini ni hatari. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamepoteza maisha wakiwa usingizini. Mzazi ashukuru, familia iote moto nje uani, kisha jiko libaki nje wanapokwenda kulala.

Njia salama ni kuvaa soksi, kujifunika vizuri na kulala pamoja watoto wakiwa katikati. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishiwa kanga, ikiwekwa miguuni kabla ya kulala, hupasha kitanda joto.

Nafasi ya kurudi

Jambo la mwisho ambalo wasafiri wengi husahau ni kwamba Matombo hairuhusu mgeni aondoke mikono mitupu. Huko ni kwenye ndizi, machungwa, mananasi na viungo. Kukataa kwa sababu begi limejaa ni kumvunja moyo aliyepanda shambani alfajiri kwa ajili yako.

Harusi ilifanyika Jumamosi. Mtoto wa miaka minane sasa, yule wa selimundu, alicheza hadi saa tatu usiku, akiwa na chupa yake ya maji mkononi. Kwenye picha ya familia shati lake jeupe limevimba kifuani, na kola ya sweta ya kijani imechungulia shingoni. Mpiga picha aliomba livuliwe kidogo tu. Mjomba, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akasema liachwe.

Jumatatu waliondoka. Mahali ilipokuwa ndoo pakakaa mkungu mdogo wa ndizi na kifurushi cha mdalasini, na baba akajazwa mananasi manne mgongoni. Mzigo wa kurudi ulikuwa mzito kuliko wa kwenda, lakini mtoto mdogo alibebwa hadi barabarani.