Ngeli Katika Orodha: Tarakilishi Yauliza, Mwanasarufi Yu Wapi?

Wahenga walinena, mgeni njoo mwenyeji apone. Wanafunzi wengi wa Kiswahili huiona tarakilishi kuwa mgeni wa idara nyingine, asiyekuwa na lolote la kuwaambia. Maoni yanayotetewa hapa ni kinyume chake: mgeni huyu ameleta swali la sarufi ambalo wenyeji wamezoea kulikwepa.

Swali lenyewe limo katika jambo dogo liitwalo orodha. Zipo lugha za kuandikia programu zilizojengwa juu ya misingi ya kihisabati, tangu LISP, ambayo John McCarthy alianza kuibuni mwaka 1958, hadi Haskell ya mwaka 1990. Lugha hizi huitegemea mno orodha, na uzuri wake umo katika kanuni saidizi zisizobagua aina. Kanuni moja hukitendea jambo kila kipengele, nyingine huchuja, nyingine huikunja orodha nzima ikawa jibu moja. Haziulizi iwapo ndani mna namba, maneno au sentensi. Ni kama kapu la sokoni Kakamega: leo hubeba mahindi, kesho ndizi, na kapu ni lile lile.

Miongoni mwa lugha hizo imo Grammatical Framework, iliyoanza mwaka 1998 na kuendelezwa na Aarne Ranta, ambayo hutumiwa kuandikia sarufi za lugha nyingi kwa pamoja. Mwaka 2012, Wanjiku Ng'ang'a wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha makala kuhusu kukiingiza Kiswahili humo. Katika mfumo huu, orodha huanza na vipengele viwili, kisha huongezwa kimoja kimoja. Kanuni saidizi huweka mkato baina ya vya awali na kiunganishi kabla ya cha mwisho: mahindi, maharagwe na viazi. Kanuni hiyo hiyo huunganisha nomino, vivumishi, hata sentensi.

Hata hivyo, hapo ndipo kapu linapotoboka. Baada ya orodha huja kitenzi, nacho chadai upatanisho. Je, mahindi, maharagwe na viazi "yameuzwa" au "vimeuzwa"? Kitabu na kalamu "vimepotea" au "zimepotea"? Wapo wanaofuata nomino iliyo karibu na kitenzi. Wapo wanaoteua "vi-" kwa hoja kwamba vyote ni vitu. Mtoto na mbwa hawasumbui, kwani A-WA huwakusanya wenye uhai. Lakini mkulima na jembe lake je? Msemaji huigeuza sentensi akapita. Mashine haina pa kupitia: isipopewa kanuni haitungi, na ikipewa kanuni mbovu hurudia kosa bila haya.

Watakuwapo watakaosema kwamba mashine za siku hizi hujifunza zenyewe kutokana na maandishi, hivyo kanuni hazihitajiki. Hoja hiyo haitoshi. Maandishi hayo yametungwa na watu, na yanapokinzana mashine hurithi ukinzani huo. Aidha, mwanafunzi anayekosolewa kwa wino mwekundu kwa kuandika "zimepotea" ana haki ya kuelezwa sababu. Mazoezi ya ngeli yanayoishia kwenye nomino moja moja hayampi sababu hiyo.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, hufunza Kiswahili na sayansi ya tarakilishi mjini Kakamega. Wanafunzi wa pande hizi mbili hawana budi kuketi pamoja. Wa Kiswahili wakusanye sentensi zenye orodha kutoka magazetini, riwayani na sokoni, waonyeshe ni upatanisho upi unaotawala na kwa masharti gani. Wa tarakilishi waandike kanuni hizo na kuzijaribu. Kazi hiyo yafaa kuwa tasnifu zaidi ya moja. Kapu wamelisuka wengine. Ngeli ni za wenyeji, na hakuna mgeni atakayezipanga kwa niaba yao.