Wastani wa shule wamtoa binti darasani

Ndugu Mhariri,

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule bora kitaifa, na wazazi wengi wakashusha pumzi. Lakini huku kwenye kata mizani haijabadilika. Matokeo yakiwa mabaya, mkuu wa shule huitwa kujieleza. Aliyeshindwa kumpelekea mwalimu wa fizikia haitwi.

Ndipo ujanja unapoanza. Mtaani kwetu yupo binti aliyeambiwa, kabla ya usajili wa kidato cha nne, kwamba atashusha wastani wa shule, hivyo akafanye mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati yeye na wenzake walifundishwa na mwalimu wa kuazima kutoka shule jirani, siku akipata nafasi! Mama yake, muuza maandazi, alimlipia ada ya mtihani ambayo wanafunzi wenzake walibebewa na Serikali.

Na shule binafsi, zinazochuja watoto tangu usaili, hupimwa kwa rula hiyohiyo ya wastani.

TAMISEMI, inayosimamia halmashauri, ijibu hapa: halmashauri inayoacha shule bila walimu inawajibishwa na nani? Na wazazi waliokumbwa na haya waandike.

Mzazi,
Morogoro