DAMU YA KABILA NI IPI?

Wahudumu wa damu walipokuja shuleni muhula uliopita, mwenzetu mmoja alikataa kata kata kuchangia. "Damu yangu iende kwa watu nisiowajua? Heri wapewe wa kwetu!" Wengine walicheka, wengine wakaitikia kwa kichwa. Mimi nasema maneno hayo hayana msingi, na ushahidi umo mumo humo damuni.

Hebu tutazame. Juu ya kila seli nyekundu ya damu pana minyororo midogo ya sukari. Mwilini mna vimeng'enya ambavyo kazi yao ni kutoa sukari kwenye molekuli moja na kuipachika kwenye nyingine, kama makanga anavyomshusha abiria matatu moja na kumpandisha nyingine. Kimeng'enya cha mtu wa kundi A hupachika mwishoni mwa mnyororo sukari iitwayo asetili-galaktosamini. Cha B hupachika galaktosi. Mtu wa AB anavyo vyote viwili. Na wa O? Chake hakifanyi kazi, mara nyingi kwa sababu herufi moja tu ya jeni ilidondoka, na mnyororo ukabaki bila nyongeza. Basi! Jeni hizo ziliposomwa mwaka wa 1990, ilionekana kuwa kimeng'enya cha A na cha B, vyenye asidi amino zaidi ya 350 kila kimoja, vinatofautiana kwa asidi amino nne tu.

Sasa kabila liko wapi hapo? Baba wa AB na mama wa O huzaa watoto wa A na wa B. Ndugu hao wa tumbo moja hawawezi kupeana damu. Kingamwili za mmoja zitashambulia seli za mwenzake, na anaweza kufa. Lakini mtu wa Lodwar au Lamu, asiyemjua hata kwa jina, anaweza kumwokoa mradi makundi yapatane (na Resusi pia, jamani, msiisahau). Ati damu nzito kuliko maji! Maabara haipimi ukoo.

Wa O nao wasijigambe sana. Wanaweza kuwapa wengi, lakini wao hupokea ya O peke yake.

Napendekeza chama chetu kisimame gwarideni kieleze haya kwa Kiswahili kabla wahudumu hawajarudi. Wengi wetu tumeyakariri kwa Kiingereza katika Biolojia, tukapata alama nzuri, na bado tunauliza damu yetu itapewa nani.