Kwanza Waya, Baadaye Lawama

Nia yangu katika makala hii ni kupinga desturi moja iliyoenea hapa shuleni, nayo ni desturi ya kukihukumu chombo kabla ya kukichunguza. Kitu kikikataa kufanya kazi, mmoja husema kimekufa, wa pili husema kina virusi, na wa tatu huwa amekwisha kunyosha kidole abonyeze kitufe cha kufuta kila kitu, ati "tuanze upya". Mimi nasema desturi hii ni mbaya, tena ina hasara. Nitatumia mfano wa kifaa kidogo ambacho wengi wetu twakijua: kicheza muziki cha mfukoni kinachokataa kupatana na kompyuta.

Huenda msomaji akacheka, akasema kwamba vifaa hivyo vimekwisha pitwa na wakati. Ni kweli vina umri. Walkman ya kampuni ya Sony ilitoka mwaka 1979, nayo ilitumia kanda na haikuhitaji kompyuta hata kidogo. Mwaka 1998 vikaanza kuuzwa vicheza muziki vya MP3, ambavyo havina kanda wala sahani, bali hubeba faili zilizotoka katika kompyuta. Mwaka 2001 kampuni ya Apple ikatoa iPod, na mwaka 2022 ikatangaza kwamba haitaitengeneza tena, maana simu zimeichukua kazi yake. Lakini sisi tuishio bwenini haturuhusiwi kuwa na simu. Kifaa kisicho na laini, kisichopiga wala kupokea, ndicho tulichoruhusiwa katika Chama cha Muziki na Ngoma, na wanakwaya hujifunzia sauti zao kwa hicho. Kwetu kifaa hicho kingali na kazi. Wazee walisema, usitupe mbachao kwa msala upitao.

Yafaa kwanza tuelewe maana ya kusawazisha. Kusawazisha ni kufanya yaliyomo katika kompyuta na yaliyomo katika kifaa yalingane. Kazi hiyo yafanana na biashara ya watu wawili waliotengwa na mto. Hapana budi pawe na daraja, hapana budi wajue lugha moja, kisha wakubaliane juu ya mzigo. Daraja ni waya na tundu lake. Lugha ni programu. Mzigo ni faili za nyimbo. Mwenye busara hulitazama daraja kwanza, kwa sababu daraja likiwa limevunjika, kubishana juu ya lugha na mzigo ni kupoteza wakati.

Basi tuanze na daraja. Waya wa kawaida wa USB una nyuzi nne ndani yake: mbili hupitisha umeme na mbili hupitisha habari. Lakini ziko nyaya za bei nafuu, hasa zile zinazouzwa pamoja na tochi na taa za kuchaji, ambazo zina nyuzi mbili tu za umeme. Ukiutumia waya wa namna hiyo, kifaa kitaonyesha alama ya chaji, nawe utaamini kwamba waya ni mzima. Kumbe kompyuta haina habari yoyote kwamba kuna mgeni mlangoni. Hapa ndipo wengi hupotea njia. Betri kujaa si ushahidi kwamba habari zinapita.

Halafu kuna tundu. Katika kompyuta za mezani, matundu ya mbele ya sanduku huunganishwa na ubao mkuu kwa waya mwingine wa ndani, na kwa kuwa ndiyo yanayochomekwa kila siku, aghalabu hulegea mapema. Matundu ya nyuma yamekaa juu ya ubao wenyewe. Kadhalika, tundu la USB 2.0 limepangiwa kutoa umeme usiozidi miliampia 500. Ukiweka kigawanyio na kuchomeka vitu vinne, vyote vinagawana kiasi hicho kimoja, na kifaa chenye betri iliyokwisha kinaweza kuwaka na kuzima bila mpango. Dawa yake haina gharama: toa vingine vyote, chomeka kimoja tu, tena nyuma.

Daraja likiwa zima, tazama lugha. Viko vicheza muziki vinavyojionyesha kwa kompyuta kama diski, na viko vinavyotumia utaratibu mwingine uitwao MTP, na vingine vina mahali pa kuchagua kati ya hizo mbili. Matoleo ya Windows yenye herufi N hayana programu za muziki hadi ziongezwe, kwa hiyo kifaa cha MTP kinaweza kukataliwa pale ingawa ni kizima kabisa. Wenye kompyuta za Mac nao walishangaa mwaka 2019, iTunes ilipoondolewa katika toleo la Catalina na kazi ya kusawazisha ikahamishiwa Finder. Mtu aliyeitafuta iTunes asiione alidhani iPod yake imekufa, kumbe mlango ndio uliohamishwa. Na kabla ya yote hayo, zima kifaa na kompyuta, kisha uviwashe tena. Ushauri huu huonekana wa kitoto, lakini huponya magonjwa mengi.

Mwisho ni mzigo. Wimbo wa MP3 uliorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde huchukua kama megabaiti moja kwa kila dakika, kwa hiyo kifaa cha gigabaiti 4 hakiwezi kuzidi saa 66 hivi, hata ukikiomba. Tena si kila kifaa husoma kila aina ya faili. Nyimbo zilizouzwa katika duka la iTunes kabla ya mwaka 2009, kwa mfano, nyingi zilifungwa kwa kufuli lisilofunguka katika vifaa vya watu wengine.

Lakini katika habari ya mzigo liko jambo moja la hatari kuliko yote, nalo ni lile swali la kufuta. iPod ikishapangwa kusawazisha yenyewe, huwa na maktaba moja katika kompyuta moja. Ukiichomeka katika kompyuta nyingine, programu hukuuliza kama unataka kufuta yaliyomo na kuweka yale ya kompyuta hiyo. Swali huulizwa kwa upole kama la karani, lakini ukijibu ndiyo, vilivyokuwamo vimekwenda. Vivyo hivyo Windows, ikishindwa kusoma kifaa, husema lazima ukifomati kabla ya kukitumia. Neno "lazima" hapo lisimtie mtu hofu. Kompyuta inasema tu kwamba haikuweza kusoma. Haikusema kwamba hamna kitu.

Nasema haya kwa sababu yalitupata muhula uliopita. Katika kifaa cha Chama chetu mlikuwa na yapata saa mbili za nyimbo za kulima na za kutwanga, tulizorekodi kwa ruhusa ya mwalimu katika kijiji cha jirani. Waliotuimbia ni mabibi watano. Mmoja wao alifariki kabla muhula haujaisha. Nyimbo zake hazikuwa katika kompyuta wala katika daftari. Zilikuwa mle tu. Siku tulipotaka kuzihamisha, kifaa kilichaji vizuri lakini kompyuta haikukiona. Tukasikia yale yale: kimekufa, kina virusi, kifutwe. Katibu wa Chama akaleta waya mwingine, na mara kompyuta ikaonyesha dalili ya uhai, ila ikadai kufomati. Mwenzetu mmoja alikuwa tayari kukubali. Mwenyekiti akamshika mkono, akachomoa kifaa, akakichomeka nyuma ya sanduku. Faili zote zikafunguka. Kabla ya kutafuta jambo lingine lolote, zikanakiliwa. Kifaa hakikuwa na kosa lolote: waya wa kwanza ulikuwa wa tochi, na tundu la mbele lilikuwa limelegea.

Fikirini, wasomaji wenzangu. Kubonyeza mara moja kungetosha kuinyamazisha sauti ya bibi yule daima, na sababu yenyewe ingekuwa waya wa tochi.

Najua wako watakaonipinga. Wa kwanza watasema kwamba hii ni kazi ya fundi. Nami sidharau mafundi, la. Lakini fundi yuko mjini, nauli ni ya mzazi, na swali la kwanza atakalouliza fundi mwema ni hili hili la waya. Wa pili watasema kwamba tumekuja kusoma, si kutengeneza mashine. Hawa nawauliza: katika somo la Fizikia twachora mzunguko wa umeme, twaandika kwamba waya uliokatika haupitishi mkondo, na twapata alama zetu. Mbona tukitoka darasani hatuamini tulichokiandika? Elimu inayobaki ubaoni ni mapambo. Wa tatu watasema virusi ndivyo adui wetu wa kweli. Sikatai kwamba vipo. Viko vinavyoyaficha mafolda ya flashi na kuweka njia za mkato mahali pake. Lakini hata hapo faili huwa zimefichwa tu, nazo huonekana ukiiamuru kompyuta ionyeshe vilivyofichwa. Hata mbele ya virusi, kufuta ni shauri la mwisho.

Kwa hiyo naleta mapendekezo matatu kwa Serikali ya Wanafunzi na kwa walimu wetu. Kwanza, chumba cha kompyuta kiwe na waya mmoja uliopimwa na kutiwa alama ya rangi, usiotolewa nje ya chumba, ili kila mwenye shaka apime kwa huo. Pili, pawe na daftari la hitilafu. Kila tatizo liandikwe: kifaa gani, kilifanya nini, kilijaribiwa nini, na kipi kilifaa. Kidato cha Kwanza watakaokuja mwakani wasianze gizani kama tulivyoanza sisi. Tatu, kila kilichorekodiwa na chama chochote cha shule kinakiliwe mahali pawili kabla ya siku kwisha, na pasiwe na mtu mwenye ruhusa ya kufuta peke yake bila shahidi. Mapendekezo haya hayahitaji bajeti. Yahitaji waya, daftari na subira.

Wengine wataona nimeandika maneno mengi kwa ajili ya kitu kinachoenea kiganjani. Lakini desturi tunayoizoea kwa kifaa ndiyo tutakayoitumia kesho kwa pampu ya maji, kwa pikipiki, na hata kwa wagonjwa, kwa wale watakaokuwa waganga. Anayefuta kabla ya kuchunguza hujiona mwepesi wa kazi, lakini hajajifunza lolote, na siku ya pili tatizo litamrudia likiwa lile lile. Anayeanza na jambo jepesi, akabadili kitu kimoja kwa wakati mmoja na kutazama matokeo, hata akishindwa atakuwa anajua mahali alipofika, na mwenziwe ataweza kuendelea kutoka hapo.

Sisi wa Kidato cha Nne tunakaribia kuondoka. Vifaa tutaviacha, na nyimbo za mabibi wale tutawaachia mzitunze. Mkiona siku moja kompyuta imezikataa, msiwe na haraka ya kuzika. Tazameni waya kwanza.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne