TUFUNDISHWE KUOGELEA, TUSHINDANE

Kuna mchezo uitwao trayathloni. Mshindani huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, akishuka hukimbia, na saa haisimamishwi hata anapovaa viatu. Ile ndefu ni kilomita 3.8 majini, 180 kwa baiskeli na 42 na ushei kwa miguu. Ilianzia Hawaii mwaka wa 1978. Siku hiyo wanaume 15 tu ndio walioanza, 12 wakamaliza, naye mshindi, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Watu 15! Darasani kwetu tuko zaidi ya mara tatu ya hao.

Nilipowasimulia wenzangu chamani walicheka, ati huo ni mchezo wa wazungu wenye pesa. La hasha! Hapa Obunga twaufanya kila siku, ila si wote. Saa kumi na moja alfajiri mimi huendesha baiskeli kwenda kuchukua mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki kiwandani minofu ikishakatwa, nimletee mama akaange auze. Gunia likifungwa kwenye keria, baiskeli huyumba kama mlevi. Kisha naoga (harufu haitoki yote, jirani yangu wa dawati anajua) na kukimbia shuleni, maana kengele haijui habari za samaki. Baiskeli ninayo, mbio ninazo. Kinachonishinda ni maji.

Hicho ndicho kinaya. Tumezaliwa kando ya ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na wengi wetu hatujui kuogelea. Desemba iliyopita kijana wa mtaa wetu, niliyecheza naye mpira, aliingia ziwani na wenzake kwa sababu ya joto. Waliingia watano, wakatoka wanne. Hakuna aliyehesabu mpaka nguo zake zikabaki peke yake juu ya jiwe. Baada ya mazishi tulipigwa marufuku kukanyaga ufuoni. Mpaka leo mama hunikagua miguu kama ina tope. Simlaumu. Lakini marufuku haimfundishi mtu kuelea.

Kwa hivyo naunga mkono trayathloni hapa Kisumu, ndogo, tena iliyopangwa sawasawa. Washindani ishirini watosha. Kila mmoja aandikwe nambari mkononi, ahesabiwe akiingia majini, ahesabiwe akitoka. Wavuvi wa Dunga wakae kando na mitumbwi, kwani wao ndio wajuao viboko wako wapi na upepo umesukumia magugu upande gani. Baiskeli ziwe hizi hizi zetu za keria, na njia iwe ya Ahero, ni tambarare.

Na asiyepita mtihani wa kuogelea asisajiliwe. Mtaniambia, basi wewe mwenyewe utaachwa nje! Naam, mwaka wa kwanza nitaachwa. Lakini shule ikitaka jina lake liwemo, itatutafutia mwalimu. Vidimbwi viko katika hoteli za mjini, na asubuhi havina watu. Ziwani kwenyewe si pa kujifunzia, kuna kichocho. Wala msiseme Mkenya ni wa mbio tu: Jason Dunford alikuwa wa tano katika fainali ya mita 100 mtindo wa kipepeo, Olimpiki ya Beijing, 2008.

Mama nimeshamwambia. Alinyamaza, akageuza samaki kwenye mafuta, kisha akaniuliza kama huyo mwalimu wa kuogelea atakuwa mtu mzima au kijana.