Jeju wana kichochoro, Ngara tuna barabara kuu

Wadau, siku hizi ukiwauliza vijana wa mjini wangependa kwenda kutembea wapi, hukosi wa kukutajia Jeju, kile kisiwa cha Korea Kusini wanachokiona kwenye tamthilia. Siwalaumu. Kuna mlima Hallasan wenye mita 1,947 na mapango ya volkano ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2007. Kuna akina mama, wengine mabibi kabisa, wanaozamia bila mtungi wa hewa kutafuta konokono wa baharini na mwani.

Ila mimi kinachonivutia kule si mlima. Ni kichochoro. Mwandishi wa habari mmoja, Suh Myung-sook, mzaliwa wa kisiwa hicho, aliacha kazi jijini Seoul, akaenda kutembea njia ya mahujaji kule Hispania, kisha mwaka 2007 akarudi kwao kuanzisha njia za waenda kwa miguu. Akaziita Olle. Kwa lahaja ya Jeju, hicho ni kichochoro kinachotoka mlangoni kwa mtu hadi barabarani. Leo njia hizo zina zaidi ya kilomita 400. Mgeni anapita kando ya mashamba, anakula kwa mama wa kijijini, analala kijijini. Hela inabaki pale pale.

Sasa tuje kwetu Kagera. Barabara kuu ya kwenda Rwanda inapita Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura huko Biharamulo, inaingia Ngara, inapita Benaco hadi Rusumo. Malori usiku na mchana. Biharamulo kuna boma la Wajerumani la mwanzoni mwa karne ya 20. Burigi-Chato imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2019. Ngara, mto Ruvubu unaungana na Kagera juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo, na ni hapo Rusumo von Götzen alipovukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Ndiye huyo huyo aliyekuja kuwa gavana wakati wa Majimaji!

Tatizo letu tukisema utalii tunawaza geti, tembo na mwekezaji. Nani atamwonjesha mgeni ndizi kwa maharage, na rubisi aliyeikamua mzee mwenyewe? Nani atamsimulia kwa nini Mhangaza na Mrundi wa ng'ambo wanaelewana bila mkalimani? Hayo hayahitaji mabilioni. Yanahitaji njia ya miguu, vyumba vichache visafi na vijana wanaoijua historia yao.

Kuna watakaosema kule kuna sifa mbaya. Kweli, miaka ya 2000 mabasi yalisindikizwa na polisi wenye bunduki kwenye mapori yale. Na mwaka 1994 Ngara ilipokea wakimbizi zaidi ya 200,000 kwa muda wa takriban siku moja tu, huku Kagera ikibeba maiti hadi Ziwa Victoria.

Lakini Jeju nayo ilioga damu. Kuanzia 1948 hadi 1954, inakadiriwa waliuawa watu kati ya 25,000 na 30,000, na kwa miaka mingi kulizungumza hilo ilikuwa hatari. Rais Roh Moo-hyun aliomba radhi mwaka 2003, na 2008 ikafunguliwa bustani ya kumbukumbu. Leo mgeni anakula machungwa ya Jeju, na anasoma majina ya waliokufa. Kisiwa hakikuchagua kimoja kati ya hayo mawili.

Wananchi wa Ngara waligawana kuni na maji na wageni ambao hawakuwaalika. Ukarimu huo ni utamaduni, jamani, tena mzito kuliko ngoma za kumpokea kiongozi. Wazee walioushuhudia wanazidi kupungua. Vijana wa Ngara na Biharamulo, chukueni kalamu mkawasikilize, kisha chorani kichochoro chenu. Tukisubiri mwekezaji, atajenga ukuta kwanza.